Hadubini Nyumbani: Anza na Kitunguu

Ukitafuta hadubini ya kununua, kitu cha kwanza kukukabili ni namba. Hii hukuza mara 1,200, ile mara 1,600, nyingine mara 2,000, na zote bei yake ni ndogo kuliko ya simu ya kawaida. Ziache. Kukuza ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuonyesha. Picha yenye ukungu ukiikuza mara mbili unapata ukungu mara mbili, na hicho ndicho kilichomo kwenye mengi ya maboksi hayo.

Mwaka 1873 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alieleza sababu. Mwanga wenyewe una kikomo: nukta mbili zikikaribiana kupita takriban milimita 0.0002, hadubini ya mwanga huziona kuwa nukta moja, hata urundike lenzi juu ya lenzi. Kwa lenzi nzuri isiyotumia mafuta, faida ya kukuza huishia kwenye mara 600 hivi. Kwa hiyo hadubini inayokufaa nyumbani ni yenye mara 40, mara 100 na mara 400, basi. Na muda wako mwingi utaupitisha kwenye mara 100.

Unapoikagua, zisome lenzi za chini, zile zinazoelekea kwenye kitu kinachotazamwa. Ziwe zimeandikwa 4, 10 na 40, na karibu na ile 40 pawe na namba 0.65. Namba hiyo ndiyo inayosema lenzi ina uwezo gani wa kutenganisha vitu. Chombo kisicho nayo mara nyingi ni kichezeo cha watoto chenye vioo vya plastiki. Lenzi ya juu, unakoweka jicho, huwa 10, na ukuzaji ni zao la hizo mbili: 10 mara 40 ni 400. Hadubini za mitumba zilizotoka shuleni au maabara huwa bora kuliko mpya za bei hiyohiyo, mradi uangalie mambo mawili. Zungusha skrubu kubwa uone kama meza ya hadubini inabaki ulipoiacha au inateleza yenyewe. Kisha mulika vioo kwa tochi kutoka ubavuni: ukiona nyuzinyuzi zimetandaa ndani, hiyo ni kuvu, maradhi ya kawaida ya lenzi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, na haifutiki kwa kitambaa. Muachie mwenyewe.

Vile vijihadubini vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta vinapendeza kwa ubawa wa nzi, nyuzi za kanga na punje za chumvi. Kwa seli havifai, hata boksi liseme nini.

Kama fedha haipo, nenda kwa fundi simu. Muombe kamera ya simu iliyokufa, akufungulie ubaki na kile kijumba cha lenzi chenye upana wa milimita chache. Kigeuze, upande uliokuwa ukitazama nje sasa uitazame kamera ya simu yako, ukibandike kwa selotepu vikae sawasawa kioo juu ya kioo. Simu sasa itaona vizuri kitu kilicho milimita chache tu mbele yake, na mwanga utoke nyuma ya kitu hicho. Seli za kitunguu zitaonekana. Iko pia hadubini ya karatasi, Foldscope, ambayo Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliieleza mwaka 2014. Unaikunja kwa mkono, ina lenzi moja ndogo, na hukuza mara 140 hivi. Usiidharau lenzi moja. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa mtu wa kwanza kuona viumbe wa tone la maji, katika miaka ya 1670, na kila chombo chake kilikuwa na kioo kimoja kidogo alichokitengeneza mwenyewe. Kimojawapo cha vile vilivyosalia hukuza mara 270 hivi.

Mengine ya kununua ni machache: slaidi za kioo, vile vifuniko vyembamba vya kuwekwa juu yake, wembe mpya, kibano na bomba la sindano lisilo na sindano. Vifuniko vinunue vingi maana vitavunjika. Na kwenye duka la dawa nunua chupa mbili ndogo, iodini na GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Hizo ndizo rangi zako. Zote mbili hazitoki kwenye nguo, basi vaa shati kuukuu.

Sasa mwanga, ambao ndio nusu ya kazi na ndio unaowashinda wengi. Anayeanza huwasha taa mpaka mwisho akidhani ataona zaidi, na anachopata ni weupe mtupu. Seli nyingi hazina rangi. Zinapitisha mwanga karibu sawa na maji yanayozizunguka, na mwanga ukiwa mwingi huzimeza zote. Chini ya meza ya hadubini kuna kitundu kinachofinywa na kupanuliwa. Kifinye taratibu huku unatazama, na utafika mahali ambapo mipaka ya seli inakolea ghafla, kama vile mtu ameipitishia kalamu. Hapo ndipo. Ukiendelea kufinya, kila kitu kitapata ukingo mzito mweusi na utaanza kuona vitu visivyokuwepo.

Hadubini yenye kioo cha kuakisi badala ya taa, ielekeze kwenye anga jeupe la dirishani au ukuta mweupe. Kamwe usiielekeze kwenye jua lenyewe. Lenzi hukusanya miali na kuipeleka yote ndani ya jicho, na jicho lililoungua ndani halitibiki. Watoto waambiwe hili kabla hawajakigusa chombo. Umeme ukikatika, tochi au taa ya sola iliyofunikwa kipande cha karatasi nyeupe nyembamba hufanya kazi vizuri kabisa. Mimi huipendelea kuliko taa nyingi zinazokuja na hadubini zenyewe.

Daima anza na lenzi ya 4. Tazama kutokea ubavuni huku unaisogeza lenzi karibu na slaidi, kisha weka jicho na uiondoe taratibu mpaka picha itokee. Ukifanya kinyume, yaani kuisogeza lenzi chini huku jicho liko juu, ipo siku utasikia kioo kikipasuka. Lenzi ya 40 hukaa chini ya milimita moja kutoka kwenye slaidi, na ukiifikia hiyo, shika skrubu ndogo tu. Sahau kwamba ile kubwa ipo.

Haya, kitunguu. Chagua chekundu, kikate mara nne, chukua tabaka moja nene. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi nyembamba kabisa isiyo na rangi. Livunje tabaka kwa kulikunja kuelekea nje. Nyama itakatika, ngozi itabaki inaning'inia. Ivute kwa kibano, kata kipande cha milimita tano, kitandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi. Kikijikunja, kinyooshe kwa ncha ya sindano sasa hivi, maana ukishafunika huwezi tena. Weka tone la iodini iliyochanganywa na maji mara tatu. Kisha teremsha kifuniko kwa mshazari, ukingo mmoja ukigusa maji kwanza, mwingine ukifuata polepole, ili hewa itoke. Maji yanayozidi yanyonye kwa ukingo wa karatasi ya chooni.

Ukiona miduara mizuri yenye kingo nyeusi nene, usifurahi. Hayo ni mapovu ya hewa, na kila mwenye hadubini ameshawahi kuyaita wenzake waje kuyaona. Sogeza slaidi mpaka upate seli zenyewe: ndefu, zimebanana ukuta kwa ukuta, hazina nafasi katikati, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya milimita 0.1 na 0.4. Robert Hooke alipotazama gome la mti wa koki, katika kitabu chake cha mwaka 1665, aliona kuta kama hizo zikiwa tupu, maana koki imekufa. Wewe unaona zenye wenyewe ndani. Nenda kwenye mara 100, halafu 400, utafute doa la mviringo la rangi ya manjano iliyokolea katika kila seli. Hicho ni kiini. Angalia kinapokaa: mara nyingi kimesukumwa pembeni kabisa, kimelalia ukuta. Seli ya kitunguu sehemu yake kubwa ni mfuko wa maji, na mfuko huo huyabana mengine yote ukutani.

Mfuko huo unaweza kuuona kwa macho yako, na hapa usiharakishe, kwani sijui jaribio la nyumbani linalolipita hili. Safari hii chukua ngozi ya upande wa nje wa tabaka, ile yenye rangi ya zambarau, uiweke kwenye maji matupu bila iodini. Rangi imejaa seli nzima mpaka kwenye kuta, na baadhi ya seli hazina rangi kabisa, zimepangika ovyoovyo kati ya zenye rangi. Andaa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe. Dondosha tone ukingoni mwa kifuniko, na ukingo wa pili weka karatasi ya chooni inyonye maji matamu yatoke, ya chumvi yaingie. Usitoe jicho. Baada ya dakika moja au mbili rangi itaanza kubanduka pembeni. Kwanza huachana na kona za seli, halafu na ubavu, kisha inajikusanya katikati ikiwa imekoza kuliko mwanzo, na ukuta unabaki wima pale ulipokuwa, mweupe. Chumvi imeyavuta maji nje ya seli. Utando wa ndani umenywea, ukuta haukunywea. Sasa ingiza maji matupu kwa njia ileile. Ukiwa hukuchelewa, rangi itavimba irudi kuzigusa kuta. Mchicha ulionyauka sokoni hufufuka kwenye beseni la maji kwa sababu hiyohiyo, na kachumbari huchuruzika maji ukishaitia chumvi kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya mmea, jitazame mwenyewe. Kwa kijiti cha pamba kisafi piga taratibu ndani ya shavu, kipake katikati ya slaidi, kiache kikauke kidogo, kisha weka tone la GV uliyoizimua kwa maji mara kumi. Subiri dakika moja, funika, nyonya. Utakuta vipande vyembamba visivyo na umbo maalumu, vingine vimejikunja pembe, kila kimoja na kiini chake cha zambarau katikati. Hakuna ukuta. Seli ya mnyama haina, na ukiwa umetoka kwenye kitunguu tofauti hiyo utaiona bila kuambiwa. Kila mtu atumie kijiti chake, na slaidi zilizotumika ziloweke kwenye maji yenye jiki kabla ya kuziosha. Damu usiitoe. Kujichoma sindano nyumbani kwa ajili ya kutazama ni hatari isiyo na sababu, hasa watoto wakianza kuazimana kitu cha kuchomea.

Tukiwa kwenye suala hilo: hadubini hii si ya kupima malaria. Ni kweli kwamba Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria kwa hadubini nchini Algeria mwaka 1880, na kwamba mpaka leo mtaalamu wa maabara hukitafuta kwa hadubini. Lakini yeye ana lenzi ya mafuta yenye kukuza mara 1,000, rangi maalumu na mafunzo. Mwenye homa aende kituo cha afya.

Jikoni kuna kazi ya wiki kadhaa. Kwaruza kiazi mviringo kwa wembe, changanya ule ute na tone la maji, na utaona punje za wanga zilizo wazi zenye pete ndani yake, pete juu ya pete kutoka kwenye kitovu kilicho upande mmoja. Weka iodini kidogo sana pembeni mwa kifuniko uone rangi ya buluu ikitembea, punje moja baada ya nyingine. Wanga wa mchele ni mdogo mno, una pembepembe. Wa muhogo ni wa mviringo, na nyingi ya punje zake zimekatika upande mmoja. Ukishajifunza sura zao utaweza kuutambua unga kwa kuutazama, na hata kujua kama aliyekuuzia amechanganya. Ndizi nayo ijaribu ikiwa mbichi, kisha inapoanza kuwa ya manjano, kisha ikiwa imeiva hadi madoa. Ponda kidogo mno, weka iodini. Seli za ndizi mbichi zimesheheni punje za wanga. Za ndizi mbivu zimebaki karibu tupu. Wanga umegeuka sukari, na umeshuhudia.

Hamira ni rahisi zaidi: chembe chache kwenye maji vuguvugu yenye sukari, subiri nusu saa, tazama kwa mara 400. Vijiduara vidogo, na pembeni mwa baadhi yao kimechipua kijiduara kingine. Ndiyo kuzaana kwenyewe. Chavua pia isikupite; ua la boga lina punje kubwa zenye miiba pande zote, za mahindi ni laini na zina tundu moja. Hizo zitazame zikiwa kavu kwanza.

Maji ya nje ndiyo yatakayokufunga, na hapo ndipo penye hatari ya kweli. Ukiwa karibu na Ziwa Victoria, bwawa, mfereji wa umwagiliaji au jaruba la mpunga, usiingie majini wala usichovye mkono. Kichocho huenezwa na vimelea wadogo wanaotoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, bila wewe kuhisi jambo la kukushtua. Funga chupa kwa kamba pamoja na jiwe, itupe, ivute. Vaa glovu unaposhika majani. Usibebe konokono hata mmoja, na chupa uiache saa 48 kabla ya kuanza kuchezea maji yake: vimelea hao wakikosa mtu hufa ndani ya muda huo. Wengine unaowataka watakuwa wazima.

Maji matupu ya katikati hayana mengi. Unachotaka ni ukoga: ule utelezi wa kijani kwenye mawe, vijiti vilivyozama, chini ya majani. Ukibahatika kupata magugu maji, yale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kata kipande cha mizizi yake yenye manyoya, kikamulie kwenye kisosi. Sidhani kama kuna sehemu ya ziwa yenye wakazi wengi kuliko hiyo. Kuna viumbe wenye kikombe juu ya shina refu waliojishikiza kwenye kila unyoya wa mzizi. Gusa meza na wote watajikunja chini kwa pamoja, shina likiwa limejisokota, halafu watanyanyuka mmojammoja. Hao ni votisela.

Kwa aliye mbali na maji, lipo gudulia la nyasi. Weka konzi ya nyasi kavu kwenye lita moja ya maji. Ya bomba yaache usiku mzima kwenye chombo kilicho wazi ili klorini ipungue. Ya mvua au kisima yatumie moja kwa moja. Funika kwa kitambaa kilichofungwa mpira, kamwe usiache wazi. Maji yaliyotuama nyumbani ndimo anamotaga mbu anayeambukiza dengi, na kwenye joto letu yai huwa mbu kamili kwa muda wa kama wiki moja. Weka gudulia kivulini. Siku ya pili au ya tatu maji hugeuka maziwa na kunuka, juu yakifanya utando. Hao ni bakteria. Wanaofuata ni walaji wao, wadogo kwanza. Kijiko cha maji ya bwawa ukikiongeza siku hizo, wiki ya pili huenda ukampata paramesiamu, mwenye umbo la soli ya ndara na mwili uliojaa vinyweleo vinavyopiga maji kama makasia. Ana urefu wa milimita 0.1 hadi 0.3, kwa hiyo ukiinua chupa kwenye mwanga utaona hata kwa macho nukta nyeupe zikienda zake.

Tatizo la paramesiamu ni mbio. Hapo hapo yupo, hapo hapo hayupo. Chambua nyuzi chache za pamba, zitandaze kwenye tone kabla ya kufunika. Atakwama kwenye vichumba vya nyuzi na kuzunguka hapo. Kisha mpe muda. Kwa mara 400 utaona mlango wa kando ambamo bakteria husukumwa ndani, na vifuko vya chakula vikielea mwilini. Utaona pia vifuko vingine viwili, kimoja kila ncha ya mwili, vinavyojaa taratibu na kufumba ghafla, kujaa na kufumba: hizo ndizo pampu zake za kutoa maji. Hana ukuta kama wa kitunguu, na maji yanaingia mwilini mwake bila kukoma. Bila pampu hizo angepasuka. Hesabu sekunde kati ya kufumba na kufumba, halafu ongeza chumvi kidogo sana kwenye tone jingine uhesabu tena. Mpigo utapungua.

Viluwiluwi vya mbu, kama vimo kwenye maji uliyochota, vitazame kwa lenzi ya 4 tu. Moyo unapiga mgongoni mwao, na mirija miwili ya hewa inapita mwili mzima mpaka mkiani. Kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vile vya mbu wa aina ya Kuleksi na vya mbu wa dengi huning'inia kichwa chini, mkia ukiwa juu kuvuta hewa. Ukimaliza, yamwage maji juu ya ardhi kavu palipo na jua, si kwenye mtaro.

Neno kuhusu bakteria. Kwa mara 400 ni nukta na vijiti tu, na nukta nyingi zitakuwa zinatetemeka. Kutetemeka si uhai. Mtaalamu wa mimea Mskoti Robert Brown aliona jambo hilo mwaka 1827 kwenye chembe zilizotoka ndani ya chavua, akakuta hata vumbi la mawe linafanya hivyo: ni maji yenyewe yanayolisukumasukuma. Kitu kinachocheza palepale hakijakuambia chochote. Kinachokata njia, kikageuka, kikapita wenzake, hicho kina mwendo wake. Ukitaka bakteria wa hakika, kwaruza kwa kijiti cha meno ule utando wa asubuhi kabla hujapiga mswaki, uchanganye na tone la maji. Leeuwenhoek aliufanya huo huo uchunguzi wa meno mwaka 1683.

Chochote unachokiona, kipime. Weka rula ya plastiki isiyo na rangi chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita zinazoenea kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Kwa hadubini nyingi ni 4.5. Kwa lenzi ya 10 basi ni 1.8, na kwa ya 40 ni 0.45. Kiumbe akichukua robo ya duara kwenye lenzi ya 10, ana milimita 0.45. Chora kwa penseli, andika ukubwa, tarehe, mahali. Picha za simu nazo ni nzuri, ukiisogeza kamera taratibu juu ya lenzi ya jicho mpaka duara lijae, lakini kuchora hukulazimisha kuangalia kitu ambacho simu inakuruhusu kukipita. Lenzi zifute kwa kitambaa cha miwani, si kwa shati. Chombo kikae kwenye boksi lililofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukiishi pwani vibadilishe mara kwa mara. Begi la kitambaa ndilo linaloiotesha kuvu.

Jaribio la mwisho halihitaji bwawa. Panda ngazi wakati wa kiangazi, ukwangue vumbi na uchafu mkavu kwenye gata la bati, au bandua kuvumwani iliyokauka kwenye ukuta wa zamani. Weka nusu kijiko kwenye kisosi, mimina maji ya mvua au yaliyochemshwa yakapoa, uache masaa kadhaa, kisha vuta tone kutoka chini kabisa. Leeuwenhoek alifanya hivyo mwaka 1702 kwa vumbi la mfereji wa paa, akaona wanyama waliokuwa wamekauka wakijinyoosha na kuanza kuogelea. Ni rotifa: mwili unaorefuka na kufupika, na kichwani vinyweleo vinavyopiga kwa mpangilio mpaka unadhani ni magurudumu mawili yanayozunguka. Kwenye kuvumwani tafuta pia dubu wa maji, mwenye miguu minane yenye kucha, anayetambaa polepole kama aliyelewa. Wengi hawafiki nusu milimita, na lenzi ya 4 inatosha kumpata. Wasipoonekana siku ya kwanza, tazama tena kesho yake.

Vumbi linalobaki litie kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni, na uandike tarehe na paa ulikolitoa. Loweka kidogo baada ya miezi mitatu, kidogo tena baada ya sita, ukirekodi kila mara wameamka wangapi na kwa muda gani. Linganisha la bati linalopigwa na jua kutwa na la bati lililo chini ya mwembe.